Aliyelala Usimwamshe? Dawa za Zamani na Virusi vya HIV Vilivyojificha Mwilini

Je, msomaji, umewahi kujiuliza ni kwa nini mtu anayeishi na virusi vya HIV huambiwa ameze dawa kila siku hadi mwisho wa maisha yake, hata pale anapoelezwa na daktari kwamba virusi havionekani tena katika damu yake?

Hili ni miongoni mwa maswali ninayoulizwa mara nyingi na wagonjwa. Wengine hulifuatisha na swali la pili. Wamesikia kwamba kuna dawa za kawaida, kama ile ya kifafa au ile ya kuwasaidia walevi kuacha pombe, ambazo huvifukuza virusi kutoka maficho yake na kumponya mgonjwa kabisa. Je, habari hizi ni za kweli?

Jibu langu ni hili: ni kweli kwamba dawa hizo zimejaribiwa, na ni kweli kwamba baadhi yazo zinaweza kuviamsha virusi vilivyolala. Lakini hakuna hata moja iliyomponya mtu. Kuamsha ni jambo moja, na kuponya ni jambo lingine kabisa. Asiyejua tofauti ya mambo hayo mawili anaweza kuacha dawa zinazomweka hai kwa kukimbilia zile ambazo hazitamsaidia.

Katika makala haya nitakueleza jinsi virusi hivi vinavyojificha, kile ambacho watafiti wamejaribu kufanya ili kuvitoa mafichoni, na la kufanya wewe mwenyewe au jamaa yako aliye na virusi.

VIRUSI HUJIFICHA WAPI?

Mwili wa binadamu una jeshi lake la kujikinga na maradhi. Jeshi hilo ni chembechembe nyeupe za damu. Miongoni mwazo kuna kundi liitwalo chembe za CD4, ambazo kazi yake ni kama ya kamanda. Hizo ndizo hutoa amri ili askari wengine wamshambulie adui.

Kirusi cha HIV humshambulia kamanda huyo. Kikishaingia ndani ya chembe ya CD4, hutengeneza nakala ya maandishi yake ya urithi, kisha huipachika katikati ya maandishi ya urithi ya chembe yenyewe, yaani DNA. Kuanzia hapo chembe hiyo hugeuzwa kuwa kiwanda. Hutoa virusi vipya kwa wingi hadi yenyewe ikafa.

Dawa za kupunguza makali ya virusi, yaani ARV, huvuruga kazi ya kiwanda hicho. Nyingine huzuia kirusi kisiandike nakala yake. Nyingine huzuia nakala hiyo isipachikwe katika DNA. Kwa njia hii chembe ambazo hazijaambukizwa huponea, na zile zilizokwisha kugeuzwa viwanda hufa zenyewe baada ya siku chache. Ndiyo sababu mgonjwa anayemeza dawa zake vyema huona idadi ya virusi katika damu ikishuka haraka, hadi chini ya nakala 50 kwa kila mililita moja ya damu. Hapo ndipo tunaposema kwamba virusi havionekani.

Hata hivyo, si kila chembe iliyoambukizwa hufa. Mwili ukimaliza kupigana na ugonjwa, baadhi ya chembe za CD4 hupumzika. Hutulia na kuhifadhi kumbukumbu ya adui, ili siku akirudi ziamke upesi na kupambana naye. Ni kwa sababu ya kumbukumbu kama hiyo kwamba mtu aliyeugua surua utotoni kwa kawaida hapatwi nayo tena.

Sasa, ikiwa chembe iliyoambukizwa HIV itaingia katika mapumziko hayo kabla ya kufa, kirusi nacho hulala humo humo. Hakitoi nakala, wala hakionyeshi dalili yoyote kwa nje. Dawa za ARV hazikigusi kwa sababu hakuna kazi kinachofanya ya kuzuiwa. Askari wengine wa mwili hawakitambui kwa sababu chembe hiyo inaonekana nzima kama zile nyingine. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa adui amejificha ndani ya sare ya askari.

Yeyote aliyewahi kupika kwa kuni anaelewa jambo hili. Usiku moto huonekana umezimika na jivu limepoa. Lakini asubuhi ukifukua jivu na kupuliza, utapata kaa moja lililobaki likiwaka, na kwa kaa hilo moja utawasha jiko zima. Mgonjwa anapoacha dawa, mambo huwa hivyo hivyo. Siku yoyote chembe moja inaweza kuamka, kiwanda kikafunguliwa, na kwa kawaida virusi huonekana tena katika damu baada ya wiki chache tu.

HESABU YA MIAKA 73

Mwaka 1996, katika kongamano la kimataifa la UKIMWI lililofanyika Vancouver, Kanada, wanasayansi walieleza jinsi dawa za aina 3 zikitumiwa pamoja zinavyovididimiza virusi hadi visionekane. Matumaini yalikuwa makubwa. Wako wataalamu waliopiga hesabu na kukadiria kwamba mgonjwa akimeza dawa hizo kwa muda wa miaka 2 au 3 bila kukosa, huenda virusi vyote vikaisha mwilini.

Matumaini hayo hayakudumu. Mwaka 1997, makundi 3 ya watafiti nchini Marekani yalionyesha, kila moja kivyake, kwamba hata kwa wagonjwa ambao virusi havikuonekana katika damu yao, bado kulikuwa na chembe za CD4 zilizopumzika zikiwa na virusi hai ndani yake. Chembe hizo zilipoamshwa katika maabara, virusi vilitoka na kuanza kuzaana.

Si chembe nyingi. Kwa wastani ni kama chembe 1 tu katika kila chembe milioni moja za CD4 zilizopumzika. Lakini zinaishi muda mrefu mno. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walionyesha kwamba idadi ya chembe hizo hupungua kwa nusu kila baada ya miezi 44.

Ukitaka kuelewa maana yake, piga hesabu nasi. Tuseme mgonjwa ana chembe milioni moja za aina hiyo mwilini. Baada ya miezi 44 akimeza dawa atabaki na laki tano, na baada ya miezi mingine 44 atabaki na laki mbili unusu. Ukiendelea kugawanya kwa mbili mpaka ibaki chembe moja, utagawanya mara 20. Hiyo ni miaka 73 ya kumeza dawa bila kukosa!

Isitoshe, tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba baadhi ya chembe hizi hujigawa na kuzaa nyingine zinazofanana nazo, kila moja ikiwa na kirusi kile kile ndani yake. Kwa hivyo hifadhi ya virusi hujijaza yenyewe hata kama dawa zinafanya kazi vizuri. Hii ndiyo sababu daktari wako anakuambia dawa ni za maisha. Hakuambii hivyo kwa sababu dawa ni dhaifu, bali kwa sababu zinapambana na virusi vilivyo macho, na vilivyolala haviguswi.

WAZO LA KUAMSHA NA KUUA

Kutokana na ugunduzi huo, watafiti walipata wazo ambalo mwanzoni linaonekana la ajabu: kwa nini tusiviamshe virusi hivyo makusudi?

Wazo lenyewe ni hili. Mgonjwa aendelee kumeza ARV, ili virusi vitakavyotoka visiweze kuambukiza chembe nyingine. Wakati huo huo apewe dawa ya kuviamsha virusi vilivyolala. Chembe itakayoamka itafichuka, na ama itakufa yenyewe kwa kulemewa na kirusi, au itatambuliwa na kuuawa na askari wengine wa mwili. Ukirudia mara kadhaa, hifadhi itakwisha.

Waswahili husema usimwamshe aliyelala, ukimwamsha utalala wewe. Methali hii ilithibitika mapema. Mwaka 1999, watafiti wa Amsterdam, Uholanzi, waliripoti jinsi walivyojaribu kuamsha chembe zote za kinga kwa pamoja kwa wagonjwa 3, wakitumia dawa kali za kuchochea kinga. Wagonjwa hao waliugua sana kutokana na dawa hizo, na kinga yao ikadhoofika badala ya kuimarika. Funzo lilikuwa kwamba huwezi kuamsha jeshi zima ili umpate mhaini mmoja. Ilibidi itafutwe njia ya kukiamsha kirusi bila kuliamsha jeshi.

KWA NINI DAWA ZA ZAMANI?

Kuunda dawa mpya kabisa huchukua miaka mingi na fedha nyingi, na dawa nyingi hukwama njiani. Lakini dawa ambayo tayari inatumika kwa ugonjwa mwingine ina faida kubwa: kipimo chake kinajulikana, madhara yake yanajulikana, na inapatikana. Kilichobaki ni kuona kama inafaa kwa kazi nyingine.

Jambo hili si geni katika udaktari. Aspirini ilianza kama dawa ya maumivu na homa, na leo hutolewa kwa baadhi ya wagonjwa wa moyo ili damu isigande. Hata AZT, dawa ya kwanza kuidhinishwa kwa matibabu ya HIV mwaka 1987, ilitengenezwa mara ya kwanza mwaka 1964 kwa matumaini ya kutibu saratani. Kwa saratani haikufaa, ikaachwa kabatini kwa miaka mingi.

Ni dawa gani basi inaweza kukiamsha kirusi? Hapa lazima tuangalie jinsi DNA inavyopangwa. Ndani ya chembe, DNA ni kama uzi wa cherehani uliozungushwa kwenye vijiti vyake. Vijiti hivyo ni protini ziitwazo histoni. Mahali uzi ulipokazwa sana, maandishi yake hayasomeki, na kirusi kilichopachikwa hapo hubaki kimelala. Mahali uzi ulipolegezwa, maandishi husomeka na kirusi huamka.

Kuna vimeng'enya mwilini ambavyo kazi yake ni kuukaza uzi huo. Dawa ikivizuia vimeng'enya hivyo, uzi hulegea. Na ilikuwapo tayari dawa ya zamani yenye uwezo huo, iliyokuwa imejaa katika maduka ya dawa duniani kote: dawa ya kifafa.

DAWA YA KIFAFA

Dawa hiyo ni valproati, ambayo wengi mnaifahamu kwa jina la kibiashara la Epilim. Mwezi Agosti mwaka 2005, watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya jaribio dogo. Wagonjwa 4 waliokuwa wakimeza ARV waliongezewa dawa nyingine ya kuzuia virusi, kisha wakapewa valproati mara mbili kwa siku kwa muda wa miezi 3. Kwa wagonjwa 3 kati ya hao 4, idadi ya chembe zenye virusi vilivyolala ilipungua sana.

Habari hizo zilienea upesi, na wengi waliona tiba imefika mlangoni. Lakini wagonjwa 4 ni wachache mno kuwa ushahidi. Watafiti walipowachunguza wagonjwa wengine waliokuwa wakitumia valproati pamoja na ARV, na walipofanya majaribio makubwa zaidi katika miaka iliyofuata, hawakuona upungufu wowote wa maana. Dawa ya kifafa ikabaki kuwa dawa ya kifafa.

DAWA ZA SARATANI

Watafiti hawakukata tamaa. Walitafuta dawa zenye nguvu zaidi za kulegeza uzi, wakazipata kwa wagonjwa wa saratani. Ya kwanza ni vorinostati, iliyoidhinishwa nchini Marekani mwaka 2006 kwa aina moja ya saratani ya chembe nyeupe za damu inayoshambulia ngozi.

Mwaka 2012 ilitangazwa kwamba wagonjwa 8 waliokuwa wakitumia ARV walipewa kipimo kimoja cha miligramu 400 cha dawa hiyo. Saa chache baadaye, dalili za virusi kuamka ndani ya chembe zilizopumzika ziliongezeka kwa wastani wa karibu mara 5. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi, ndani ya mwili wa binadamu na si katika chupa ya maabara, kwamba dawa inaweza kukigutusha kirusi kilicholala.

Nchini Denmark, dawa nyingine mbili za saratani zilijaribiwa. Panobinostati ilipewa wagonjwa 15, na matokeo yakachapishwa mwaka 2014. Romidepsini ilipewa wagonjwa 6, na mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba kwa 5 kati yao virusi viliamka kiasi cha kuonekana tena katika damu kwa muda, ingawa walikuwa wakimeza ARV.

Je, hifadhi ya virusi ilipungua? La. Katika majaribio haya yote, kengele ililia na waliolala wakageuka kitandani, lakini hawakutoka nyumbani. Kuamka kulikuwapo, lakini kifo cha chembe zenyewe hakikuonekana.

DAWA YA WALEVI

Dawa nyingine ya zamani ni disulfiramu, inayojulikana pia kwa jina la Antabuse. Imetumika tangu miaka ya 1950 kuwasaidia watu kuacha pombe. Anayeimeza kisha akanywa pombe, hata kidogo, hupata mpigo wa kasi wa moyo, uso huwaka moto, na hutapika vibaya.

Mwaka 2015, watafiti wa Australia na Marekani waliripoti kwamba waliwapa watu 30 dawa hiyo kwa siku 3, kwa vipimo tofauti, na wakaona dalili za virusi kuamka. Wengi walifurahi kwa kuwa dawa hiyo ni ya bei nafuu na haikuonekana kuwa na madhara makubwa kwa siku hizo chache.

Kisha ikafikiriwa kuichanganya na vorinostati. Watu 2 wa kwanza walioingia katika jaribio hilo mjini Melbourne, Australia, wote wawili walipatwa na madhara makali ya ubongo na mishipa ya fahamu. Jaribio lilisimamishwa mara moja, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2022. Dawa mbili ambazo kila moja inavumilika peke yake ziligeuka hatari zilipokutana katika mwili mmoja. Yakumbuke haya, msomaji, siku mtu atakapokushauri uchanganye dawa nyumbani.

KWA NINI KUAMSHA HAKUTOSHI?

Sababu ni kadhaa. Kwanza, dawa hizi huamsha sehemu tu ya virusi vilivyolala. Vingine huendelea kulala fofofo hata dawa ikirudiwa, na tumeshaona kwamba kaa moja linatosha kuwasha jiko.

Pili, chembe iliyoamka haifi lazima. Inaweza kutoa dalili kidogo za kirusi, kisha ikarudi kulala.

Tatu, askari wanaotarajiwa kuimaliza kazi wamechoka. Kwa mtu aliyeishi na HIV kwa miaka, chembe za kuua adui huwa zimepigana hadi zikaishiwa nguvu. Aidha, kirusi hubadilisha sura yake, na askari huendelea kumtafuta adui kwa sura ya zamani.

Kwa sababu hiyo watafiti wa Uingereza walijaribu kuamsha na kuua kwa pamoja. Watu 60 walioanza ARV mapema baada ya kuambukizwa walishirikishwa. Nusu yao walipewa ARV peke yake, na nusu ya pili wakaongezewa chanjo za kuwapa askari mafunzo mapya pamoja na vorinostati ya kuviamsha virusi. Chanjo hizo zilibuniwa Oxford, na chanjo za familia hiyo zilishapimwa pia hapa Nairobi kwa watu wazima wenye afya, ili kuona usalama wake. Matokeo ya Uingereza yalitolewa mwaka 2020: hapakuwa na tofauti yoyote katika ukubwa wa hifadhi kati ya makundi hayo mawili.

Sasa baadhi ya watafiti wanatazama upande wa pili, yaani kuidhoofisha chembe yenyewe ili ikiamka ife. Mwaka 2023, wanasayansi wa Melbourne waliripoti kuhusu venetoklaksi, dawa ya saratani ya damu ambayo huzisukuma chembe zijiue. Kwa panya waliopandikizwa chembe za binadamu, dawa hiyo ilichelewesha virusi kurudi kwa muda wa wiki 2 baada ya ARV kusimamishwa. Wiki 2 kwa panya si tiba, lakini ni hatua.

JE, WALE WALIOPONA?

Utaniuliza, na yule mtu wa Berlin? Ni kweli, Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyekuwa akiishi Ujerumani, alipona HIV. Alikuwa na saratani ya damu, na mwaka 2007 na 2008 akapandikizwa uboho wa mtu aliyezaliwa na chembe ambazo HIV ya kawaida haiwezi kuziingia. Aliishi bila virusi hadi alipofariki mwaka 2020, baada ya saratani yake kurudi. Watu wengine wachache mno wameponywa kwa upandikizaji.

Njia hiyo inaweza kumwua mgonjwa, na haifanywi ila kwa mtu ambaye tayari ana saratani inayoihitaji. Isitoshe, umbile hilo la kuzaliwa hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya kaskazini, na karibu halipo kabisa miongoni mwetu Waafrika.

Kuna kisa kingine kinachotufunza zaidi. Mwaka 2010, mtoto alizaliwa katika jimbo la Mississippi, Marekani, akiwa na HIV. Alianzishiwa dawa akiwa na umri wa saa 30 tu. Alipofika kama miezi 18 aliacha kupewa dawa, na madaktari walipompima baadaye hawakuona virusi. Mwaka 2013 ulimwengu ulitangaziwa kwamba huenda amepona. Lakini mwezi Julai mwaka 2014, baada ya miezi 27 bila dawa, virusi vilirudi. Kaa lilikuwapo muda wote huo chini ya jivu.

UTAFITI UFANYWE NA HUKU KWETU

Majaribio mengi niliyoyataja yalifanyiwa Wazungu na Wamarekani, hasa wanaume, ilhali walio wengi wenye HIV duniani wako Afrika, na zaidi ya nusu ya hao ni wanawake. Aina ya HIV iliyoenea Kenya si ile iliyoenea Ulaya na Marekani.

Tofauti hiyo si ya jina tu. Mwaka 2017, utafiti uliofanywa wilayani Rakai, nchini Uganda, ulionyesha kwamba hifadhi ya virusi vilivyolala kwa Waganda waliochunguzwa ilikuwa kama theluthi moja tu ya ile ya wagonjwa wa Baltimore. Kwa hivyo dawa iliyoshindwa au iliyofaulu Denmark haiwezi kuhukumiwa kwa ajili yetu bila kupimwa huku kwetu.

UFANYE NINI, MSOMAJI?

Kwanza, usiache dawa zako. Mwaka 2006, utafiti mkubwa uliowahusisha zaidi ya watu 5,000 katika nchi 33 ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa sababu wale waliopumzishwa dawa walikuwa wakiugua na kufa zaidi ya mara mbili ya wale walioendelea kuzimeza. Kipimo kinaposema virusi havionekani, maana yake ni kwamba dawa zinafanya kazi, na pia kwamba huwezi kumwambukiza mwenzako kwa njia ya ngono maadamu unaendelea hivyo. Si kwamba virusi vimetoweka.

Pili, usinunue dawa yoyote kati ya hizi kwa nia ya kutibu HIV. Valproati inaweza kumdhuru vibaya mtoto aliye tumboni. Disulfiramu pamoja na pombe inaweza kukulaza hospitalini. Dawa za saratani nilizozitaja hupunguza chembe za damu.

Tatu, ikiwa una kifafa na pia una HIV, usiache dawa ya kifafa kwa sababu ya makala haya. Mwambie daktari dawa zote unazotumia. Baadhi ya dawa za kifafa, kama vile kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni, hupunguza nguvu ya dolutegraviri iliyo katika tembe za ARV zinazotumiwa na wagonjwa wengi nchini, na huenda ukahitaji kubadilishiwa kipimo au dawa.

Nne, jihadhari na kila anayetangaza tiba. Wakenya tumeyaona haya. Mwaka 1990 tuliambiwa Kemron imepatikana, na majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha faida yake. Mwaka 2011 maelfu walivuka mpaka kwenda Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe, na wako walioacha ARV baada ya kurudi. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tano, ukialikwa kushiriki katika utafiti wa kweli, usiogope, lakini uliza maswali. Je, umeidhinishwa na kamati ya maadili na Bodi ya Famasia na Sumu? Je, nitaacha ARV, na nikiziacha nitapimwa mara ngapi? Je, naweza kujiondoa wakati wowote bila kunyimwa matibabu? Na ukitakiwa kulipa pesa ili ushiriki, ondoka. Utafiti wa haki haumtozi anayejitolea mwili wake.

Kirusi kilicholala kitapatiwa dawa siku moja, na huenda dawa hiyo ikatoka katika kabati la dawa za zamani kama AZT ilivyotoka. Siku hiyo ikifika, atakayenufaika ni yule aliyeifikia akiwa hai na mwenye kinga iliyo imara. Kwa hivyo kameze tembe yako ya leo, na uangalie katika kadi yako tarehe ya kliniki ijayo.